Kabla Hujajaza Dini kwenye Selfomu

Hadithi ya leo, wanangu, inatoka Muheza, mkoani Tanga, nchi ya machungwa na minazi. Wamisionari wa Kianglikana walifika Magila, humohumo Muheza, katika karne ya 19, nao Uislamu ulikuwa ukipanda kutoka pwani. Tangu hapo koo nyingi za Wabondei, wenyeji wa huko, ziligawana dini bila kugawana undugu. Sheikh na katekista huweza kuwa watoto wa baba mdogo na baba mkubwa, na pilau ya Idi na ya Krismasi hupikwa na mikono ileile.

Katika ukoo wa namna hiyo alikuwako binti mmoja, Mwislamu, na binamu yake, Mkristo, mtoto wa mjomba wake. Watu hawa nimewatunga mimi, msiende Muheza kuwatafuta. Lakini mambo ya shule nitakayowaeleza ni ya kweli, na ndiyo yaliyonifanya niwatunge.

Walimaliza kidato cha nne mwaka mmoja. Matokeo yalipotoka, kila mmoja alikuwa na daraja la pili. Binti alikuwa na B ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, binamu yake B ya Maarifa ya Biblia. Furaha ilidumu siku mbili tatu, kisha likaja swali. Waliofanya mtihani walikuwa wamefunguliwa nafasi ya kubadili machaguo waliyojaza kwenye selfomu, ile fomu ya kuchagua masomo, na katika orodha ya tahasusi kulikuwa na zenye dini ndani yake. Je, wazichague?

Ngojeni kidogo niwaeleze wadogo zenu ambao hawajafika huko. Tahasusi ni masomo matatu yanayokwenda pamoja kidato cha tano na cha sita. Kaka na dada zenu wanaziita kombi: HGL ni Historia, Jiografia na Kiingereza, PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia, na nyingine mnazijua. Kwa miaka mingi dini haikuwa na nafasi kubwa humo. Mtu aliyesoma Diviniti, yaani somo la dini ya Kikristo, au Maarifa ya Uislamu kwa kawaida alilibeba kama somo la nyongeza juu ya matatu yake, hasa kwenye seminari na shule za Kiislamu. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania iliongeza tahasusi mpya 49, zote zikafika 65, zimepangwa katika makundi saba. Moja ya makundi hayo ni Elimu ya Dini. Ndiyo maana swali hili, ambalo zamani lilikuwa la waseminari, sasa limebisha hodi hata kwa watoto wa shule za kawaida.

Nyumbani kikao kikakaa. Bibi yao akasema kwanza, maana ndiye mkubwa.

"Mjukuu wangu, dini haimtupi mtu. Soma dini upate radhi za Mungu na za wazee wako."

Mjomba, fundi wa pikipiki, akatikisa kichwa. "Mama, unisamehe. Mpwa wangu, cheti cha dini nani atakupa nacho mshahara? Sheikh anaishi kwa sadaka, na padri hana mke wa kumlisha. Wewe una nini?"

Jirani aliyekuwa amemaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia akaingilia kati. "Chukua tu. Huo ni mteremko. Mambo yote unayajua tangu madrasa."

Mmewasikia? Bibi alikuwa anazungumzia dini ya kuishi, na ibada hiyo haihitaji tahasusi. Mtu huswali na kusali hata akisoma Fizikia. Mjomba alikuwa anazungumzia kazi, na kazi alizozijua zilikuwa mbili. Yule jirani alikuwa anazungumzia alama, naye somo lenyewe hakulisoma. Kila mmoja alijibu swali lake mwenyewe. Swali la binti lilibaki palepale, nalo lilikuwa hili: dini, kama somo la darasani, inamtaka mtu afanye nini?

Kesho yake wale wawili wakaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyefundisha sekondari miaka mingi, anayeishi nyuma ya soko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, wanangu. Karibuni mkae. Mmekuja kwa heri?"

Walipomweleza, hakuwapa ushauri. Aliingia ndani akatoka na kalamu na karatasi.

"Binti, tuanze na wewe. Mwanamume Mwislamu amefariki. Deni limelipwa, mazishi yamelipwa, hakuacha wasia. Zimebaki shilingi milioni 24. Ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Gawa."

Binti alikumbuka. Mke anapata thumni, moja ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto: milioni 3. Zinabaki milioni 21. Mtoto wa kiume anahesabiwa mafungu mawili, wa kike fungu moja, kwa hiyo mafungu ni matano, kila fungu milioni 4 na laki 2. Kila mvulana milioni 8 na laki 4, msichana milioni 4 na laki 2. Akatabasamu.

"Vizuri. Sasa ukaja ukaambiwa mama wa marehemu yuko hai."

Tabasamu likaisha. Binti akafuta, akaanza upya. Mama ana sudusi, moja ya sita: milioni 4. Mke milioni 3 zake haziguswi. Zilizobaki ni 17, na fungu moja sasa ni milioni 3 na laki 4. Wavulana wameshuka hadi milioni 6 na laki 8 kila mmoja.

"Umepata," mwalimu akasema. "Hapo kidato cha nne umemaliza. Kidato cha sita utaulizwa kwa nini. Kwa nini mke hakupunguziwa? Kanuni imetoka aya gani? Watu wanaoona fungu la msichana ni dogo wanasema nini, wanaolitetea wanajibu nini, na wewe ukizipima hoja zote unafika wapi? Uandike kurasa nne, na usimtukane mtu."

Akamgeukia kijana. "Nawe, nipe Amosi."

Kijana alimjua Amosi tangu shule ya Jumapili. Mchungaji wa kondoo na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, aliyetoka kusini akaenda Betheli kuwakaripia matajiri wa ufalme wa kaskazini: wanapunja vipimo, wana mizani ya udanganyifu, wanamuuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Kuhani Amazia akamwambia arudi kwao Yuda akatabiri huko.

"Hadithi umeisimulia vizuri kuliko mchungaji wetu," mwalimu akasema. "Sasa niambie. Karne hiyo ya 8 kabla ya Kristo, chini ya Yeroboamu wa Pili, Israeli ilikuwa imepata amani, mipaka imepanuka, biashara inakwenda. Nchi inastawi. Kwa nini nabii anakuja kulia wakati wa shibe? Na kwa nini anayemfukuza ni kuhani, siyo mfanyabiashara?"

Kijana akanyamaza. Baadaye akajaribu: labda shibe ilikuwa ya wachache, na hekalu la Betheli lilikuwa la mfalme, hivyo kuhani alikuwa analinda mkate wake. Mwalimu akafurahi. "Hapo umeanza kusoma Diviniti. Lakini umeona umepitia wapi? Umepitia historia na uchumi. Ukidhani aya zitakutosha, utapata S, chini hata ya E."

Hapo, wanangu, ndipo neno la "mteremko" linapokufa. Alama zenyewe zinalikana. Kidato cha nne A inaanzia 75. Kidato cha sita inaanzia 80, na mwenye 60 ana C ya mwisho mwisho. Tena kuna kizingiti ambacho wengi hawakioni mpaka wamejikwaa. Elimu ya Dini ya Kiislamu ya kidato cha nne hufanywa kwa Kiswahili. Maarifa ya Uislamu ya kidato cha sita ni kwa Kiingereza. Yule aliyekuwa akimwaga hoja kwa lugha ya mama yake anajikuta anazitafuta kwa lugha ya kamusi. Binti wetu alikuwa na D ya Kiingereza. Mwalimu alipoiona alimwambia waziwazi: "Hiyo haikukatazi, lakini inakudai. Ukiingia na D hiyo, miezi ya mwanzo utalala baada ya wenzako."

Binti akauliza swali lililokuwa likimsumbua. "Mwalimu, hivi nikianza kupima na kuhoji, sitaharibu imani yangu?"

Swali zuri, na vijana wengi wanaliogopa kuliko mtihani. Mwalimu alimjibu kwa elimu ya hadithi za Mtume. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakuandika kila alichosikia. Kila hadithi aliipima sanadi, yaani mnyororo wa wasimulizi. Huyu aliipokea kwa nani? Walikutana kweli, au mmoja alikufa kabla mwingine hajazaliwa? Alikuwa mkweli? Kumbukumbu zake zilikuwa nzima? Baada ya mnyororo wanazuoni wakapima matini, maneno yenyewe. Ni kama mtu anayepokea ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara mia akakataa kuutuma mbele mpaka amjue aliyeuandika. Bukhari alihoji kwa sababu aliamini, na kwa sababu jambo lilikuwa kubwa mno kuachiwa uvumi.

Lakini msidanganywe kwamba haitikisi kabisa. Utakutana na madhehebu yanayosoma aya moja kwa namna mbili. Utakutana na Injili nne zinazosimulia tukio moja kwa mpangilio tofauti, na utaulizwa tofauti hizo zinatokana na nini. Mtu anayetaka majibu yote yawe yameshafungwa atapata taabu. Anayeweza kukaa na swali wiki mbili bila kukasirika atanenepa.

Wala somo hili si la kumfunga mtu kwake tu. John Mbiti wa Kenya alikuwa kasisi wa Kianglikana, naye alipokuwa akifundisha Makerere miaka ya 1960 alijitwika kazi ya kukusanya imani za jadi za makabila mengi ya Afrika, imani ambazo wageni wengi walikuwa wameziita ushirikina tu. Kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika kilitoka mwaka 1969, kikamfanya ajulikane duniani. Mwaka huohuo ilichapishwa tafsiri ya Kiswahili ya Qurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Huyu alizaliwa Unguja, akawa mwalimu wa shule, na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Mmoja kasisi, mmoja sheikh, na wote wawili walikuwa wasomaji wa kalamu mkononi.

Na kama mnadhani dini na historia ya pwani vinaweza kutenganishwa, nendeni Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Kwenye kibla cha msikiti wa pale pamechongwa maandishi ya Kiarabu ya kale yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Asiyejua Hijria ataona nakshi. Anayeijua ataona kwamba miaka zaidi ya 900 iliyopita watu wa hapa walikuwa wanajenga, wanaandika na wanahesabu tarehe.

Sasa turudi kwa mjomba, maana hoja yake ya mshahara haikuwa ya kupuuzwa. Mwalimu aliichukua kwa uzito.

"Mlango wa kwanza ni wa chuo kikuu," alisema. "Kwa kawaida wanataka prinsipo mbili, yaani masomo mawili kuanzia E kwenda juu, zenye jumla ya pointi zisizopungua 4. A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Lakini hicho ndicho kima cha chini. Kila kozi ina orodha yake ya masomo inayoyakubali. Kozi moja imeandika Diviniti na Maarifa ya Uislamu, nyingine haikuyataja. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu uko wazi kwa kila mtu. Tafuteni kozi mnayoitamani, someni mstari kwa mstari, kisha ndiyo mjaze fomu."

Akaongeza jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Matangazo mengi ya vyuo vya astashahada na stashahada yanapotaka masomo manne ya kidato cha nne, huandika: yasiyo ya dini. Yaani B ya dini ni alama nzuri, lakini kwenye mlango huo haihesabiwi. Kwa hiyo mwenye kuchagua dini asiitegemee peke yake. Aiambatanishe na masomo yanayosimama yenyewe, kama Historia, Jiografia au lugha, ili mlango mmoja ukifungwa mwingine uwe wazi.

Na baada ya chuo? Ualimu upo, na vyuo vipo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayofundisha falsafa na dini, Makumira kule Usa River wanasomesha tiolojia, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kinafundisha elimu ya Kiislamu pamoja na ualimu. Lakini mwalimu hakuishia hapo. Mahakama zetu za mwanzo husikiliza mashauri ya mirathi ya Waislamu kwa sheria ya Kiislamu, na Zanzibar wana Mahakama za Kadhi, kama Kenya ambako zimo ndani ya Katiba. Wakili anayejua thumni na sudusi atamwokoa mjane ambaye wakili mwingine angempoteza. Benki ya Amana, iliyoanza mwaka 2011, inaendeshwa bila riba. Anayefanya kazi humo lazima aelewe murabaha ni nini na riba ni nini. Kuna uandishi wa habari, kuna kazi za usuluhishi, kuna hospitali ambako mgonjwa anataka kuzungumza na mtu kabla ya upasuaji. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotolewa kwa cheti cha dini pekee. Zote zinampa nafasi nzuri zaidi mwenye elimu nyingine anayeijua dini pia.

Nikiwa hapa niwakumbuke na wasomaji wa jirani. Uganda bado wana kidato cha tano na cha sita, na wanafunzi wao wanaijua vizuri HED: Historia, Uchumi na Diviniti. Kenya iliaga mfumo huo, na mtihani wao wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa mwaka 1989. Sasa wamekuja na sekondari ya juu, darasa la 10 hadi la 12, iliyoanza Januari 2026, na masomo ya dini ya Kikristo, Kiislamu na Kihindu yako kwenye mkondo wa sayansi ya jamii. Majina ya masomo yanabadilika ukivuka mpaka, lakini mtoto wa Mbale na wa Malindi anakuna kichwa kilekile.

Basi, wale wawili walichagua nini?

Walipotoka kwa mwalimu walikwenda kimya mpaka barabarani. Binti ndiye aliyeanza. Alisema ile hesabu ya mirathi ilimkamata. Alipoambiwa mama yuko hai aliona familia nzima ikisogea kwenye karatasi, na akataka kujua mengine. Usiku ule alifungua mwongozo wa udahili kwa simu ya mjomba, akatafuta shahada ya sheria, akaangalia masomo yanayotakiwa, akaona Historia inamsaidia. Akachagua tahasusi yenye Maarifa ya Uislamu na Historia ndani yake. Kabla ya kuituma alihakikisha kwamba zipo shule zinazoifundisha, maana si kila shule ina mwalimu wa somo hilo. Na likizo yote ile alisoma gazeti la Kiingereza kwa sauti, Bibi akicheka asielewe hata neno.

Binamu yake aliiacha. Amosi alimpenda, ila alipojiuliza kweli, kilichomvuta kwa Amosi ni ile mikuyu na kondoo. Alikuwa na C za Biolojia, Kemia na Jiografia, akajaza CBG, akili yake iko kwenye kilimo. Bibi aliposikia akaguna: "Kwa hiyo umemwacha Mungu?" Kijana akamjibu kwa adabu, "Hapana, Bibi. Jumapili nitakwenda kama kawaida. Nimeacha mtihani wake tu."

Nawaambia, wanangu, wote wawili walichagua vema. Binti hakuichagua dini ili aonekane mcha Mungu, wala kwa kuwa ni nyepesi, na kijana hakuikimbia kwa woga wa njaa. Kila mmoja aliionja kazi yenyewe kwanza, akajua inamtaka nini, kisha akaamua.

Nawe ambaye fomu iko mbele yako, usiamue kwa maneno ya kikao cha nyumbani peke yake. Tafuta mtihani wa kidato cha sita wa mwaka uliopita, ujibu swali moja kwa maandishi, kwa Kiingereza, umpe mwalimu asahihishe. Fungua mwongozo wa udahili, tafuta kozi unayoitaka, uone kama somo hili limo. Uliza shule gani zinalifundisha. Ukimaliza hayo na bado unataka kujua kwa nini kuhani alimfukuza Amosi, jaza Dini. Kama hutaki kujua, jaza kingine, na usimruhusu mtu akuambie kwamba umemkosea Mungu.